Kulivuta Lori la Kabugho

Ndugu zangu wa Bungoma, mkiniuliza kazi yangu huku Kasese ikoje, huwa nawajibu kwa mkato kwamba natengeneza magari, kisha nageuza maneno. Leo nitawasimulia safari moja ya kwenda Bwera na kurudi, mpate kuelewa kwa nini nageuza maneno.

Safari yenyewe ilianza na Bwambale. Huyu ni Mkonzo wa hapa Kasese, mwenye brekdauni, yaani gari la kuvuta magari yaliyoharibika. Lake lilikuwa la dizeli, kuukuu, na winchi yake nyuma ilipiga kelele kama mlango wa zizi. Alinipigia simu akasema gari linapoteza maji ya rejeta na haoni yanakokwenda. Akataka nifunge naye safari hadi Bwera nilichunguze njiani. Nilimuuliza kwa nini asiliache gereji siku kadhaa nikalitazama kwa utulivu. Akasema hana nafasi hiyo, kwa sababu ya dada yake.

Dada yake, Kabugho, alikuwa amefiwa na mume kule Bwera. Mbele ya nyumba kulikuwa na lori ambalo yeye na marehemu walilinunua kwa kahawa ya miaka mingi, na giaboksi yake ilikuwa imevunjika. Jumamosi ndugu wa marehemu wangekuja kumaliza matanga na kugawa mali. Kwa jinsi mambo yanavyokwenda katika ukoo ule, kilichopo uani siku hiyo hugawanywa. Kisichokuwapo hubaki kuwa maneno tu, na maneno Kabugho angeyaweza. Kwa hiyo lori lilipaswa kuondoka kabla ya Jumamosi, na siku aliyonipigia simu ilikuwa Alhamisi.

Kasese, asubuhi. Nililianza gari likiwa bado baridi. Usiku kucha lilikuwa limelala gereji kwangu juu ya maboksi niliyoyatandika chini, na maboksi yalikuwa makavu. Nikashika mipira yote ya maji, nikapapasa chini ya pampu, nikachomoa kijiti cha oili nikitafuta ule weupe wa chai ya maziwa unaoonyesha maji yameingia kwenye oili. Sikukuta kitu. Nikawasha injini nikiwa nimefungua kifuniko cha rejeta, na maji yakatulia kabisa. Fundi yeyote hapo angemwambia mwenye gari aende zake salama. Lakini Bwambale aliapa kwamba akivuta gari la watu, akifika huwa anajaza karibu jerikeni nzima.

Mimi huwa siwaamini sana wenye magari, maana husema nusu ya ugonjwa na nusu wanaificha. Hata hivyo, hilo neno la kuvuta lilinikaa kichwani. Nikauunga mpira mwembamba kwenye kile kibomba cha pembeni cha rejeta kinachotoa maji yakizidi, nikauingiza kwenye chupa ya soda yenye maji kidogo, na chupa nikaifunga kwa waya. Kama moto wa silinda ungekuwa unapenya na kuingia kwenye maji, chupa ingetoa mapovu. Na kama ingetoa mapovu, basi ubovu ungekuwa kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini ambacho hakuna mwenye gari anayependa kusikia kikitajwa.

Kikorongo tulisimama nikafungua boneti. Chupa ilikuwa kimya. Tukakata kulia kuelekea mpaka wa Kongo, tukasimama tena Kinyamaseke, na maji yalikuwa palepale shingoni mwa rejeta. Nikamwambia Bwambale kwamba bila mzigo gari lake halina hata mafua. Hakucheka. Hakuniuliza swali lolote, na mimi nimezoea watu wanaoniuliza mpaka nachoka. Kimya chake kilinisumbua hadi Bwera.

Bwera, kabla ya saa sita. Kabugho alitukaribisha kwa ugali wa muhogo na samaki, akakaa pembeni akiwa amejifunga kitambaa cha msiba. Ni mwanamke mwembamba, sauti yake ya chini. Alimuuliza kaka yake habari za watoto, kisha akaniambia kwamba marehemu aliliosha lile lori kila Jumapili baada ya kanisa, hata kama halikuchafuka. Hakulia. Nilishindwa kumaliza samaki.

Tulipokuwa tunaliinua lori kwa minyororo, aliingia Masereka, mdogo wa marehemu, akasimama kati ya lori na barabara. Akauliza gari linapelekwa wapi. Bwambale akajibu kwamba linakwenda Kasese kwa fundi, akaninyooshea kidole. Masereka akanitazama kuanzia viatu, akauliza kama Bwera imeishiwa mafundi.

"Shemeji, fundi ya hapa ilifungua ikashindwa," Kabugho akasema. "Na wewe uliona."

Masereka akasogea pembeni, akasema kwa Kiswahili cha upande wa Kongo.

"Sawa. Lakini siku ya matanga watu beko nakuja, na gari ya mukubwa wangu ikuwe hapa. Ikilala njiani, tutaenda kuichukua sisi wenyewe."

Kabugho alitusindikiza mpaka barabarani. Yeye hangeweza kuondoka kabla ya matanga kwisha, hivyo alikuwa anabaki peke yake na shemeji zake. Alimshika kaka yake mkono, akamwambia kitu kimoja tu kwa Kikonzo. Baadaye Bwambale alinitafsiria: alikuwa amesema, "Lifike tu."

Hatukwenda mbali. Kwenye mwinuko wa kwanza, lori likining'inia nyuma, mshale wa joto ulianza kupanda. Nilimwomba asimame bila kuzima injini, nikafungua boneti. Ile chupa ilikuwa inachemka kama sufuria ya maharage. Mapovu yalitoka mfululizo, maji yakamwagika juu ya injini ya moto na kukauka hapohapo, ndiyo maana kule gereji chini hapakuwa na hata tone. Ekzosi ilitoa moshi mweupe mzito. Nilikuwa nimepata nilichotafuta, na moyo uliniuma nilipokiona.

Tulijikokota hadi mto Nyamugasani. Injini ilipopoa nikateremka na jerikeni kuchota maji. Niliporudi nilimweleza wazi kwamba ni hedi, kwamba gari likivuta, moto wa ndani unayasukuma maji nje. Kwa unyonge akaniambia kuwa hedi hiyo ilikwisha kusawazishwa mashineni mara mbili. Nikaelewa. Chuma kilichobaki hakikutosha mara ya tatu, na hedi nyingine ya injini ile haipatikani tena popote.

"Basi tufungue lori, tuiache hapa," nikamwambia. "Bila mzigo gari yako itafika, na utakuwa nayo ya kazi ndogondogo. Ukivuta, itakufa."

"Itakufa mbele ya kufika Kasese ama nyuma?"

Nilidhani anafanya mzaha wa uchungu. Hakuwa anafanya mzaha.

"Maji inaenda wapi, hiyo nilijua zamani," akasema. "Nilikuita uniambie kama imebakisha safari moja."

Nilikasirika. Nilijiona nimefanywa mjinga na chupa yangu ya soda. Nilimkumbusha kwamba hana gari jingine wala kazi nyingine, na kwamba dada yake mwenyewe angekataa kama angejua. Akanijibu kwamba ndiyo maana hajui. Kisha akasubiri jibu langu, mikono mifukoni, kama mtu anayemsubiri daktari. Hasira ikaniisha, nikabaki na huzuni tu. Nikasema tukisimama kila mwinuko na kuliacha lipoe, labda.

"Basi tusimame," akasema.

Sehemu ya barabara inayopita ndani ya mbuga ya wanyama ndiyo iliyonitia hofu. Pale mtu hatakiwi kushuka ovyo, na sisi tulishuka mara kwa mara, mmoja akimimina maji na mwingine akiangalia vichaka kwa ajili ya nyati. Mvua ilitukuta Kikorongo. Nilishukuru, maana ilipoza boneti. Kutoka hapo injini ilianza kugonga, mwanzo polepole, halafu kwa nguvu, na Bwambale akaendesha huku akiupapasa usukani kwa kidole gumba. Nilikuwa nasikiliza gari la rafiki yangu likijiua kwa kufuata hesabu niliyompa mimi.

Kasese, jioni. Gari la Bwambale lilikwama kwenye kona ya kuingilia gereji yangu, likatetemeka mara moja na kuzima. Nilijaribu kuizungusha injini kwa spana kubwa ikakataa kabisa. Watu wa vibanda vya jirani walikuja, tukalishusha lori la Kabugho, tukalisukuma ndani kwa mikono na kufunga geti. Brekdauni ikabaki nje kwenye mvua, mdomo wazi.

Bwambale akampigia dada yake. Nilimsikia akisema limefika, kisha akasikiliza, kisha akasema lake halina neno, linadai gasketi tu, kile kipande chembamba cha kuzibia hedi. Kabugho hakuridhika, akataka kuongea na fundi. Bwambale akanipa simu, akainamisha kichwa.

"Fundi, ni kweli?"

"Kweli, dada," nikasema. "Gasketi tu."

Akaniambia "wasingya", ndiyo asante ya Kikonzo, akakata simu.

Siku ya matanga ndugu walichukua viti, redio na pikipiki. Lori waliliulizia, Kabugho akawajibu kwamba liko gereji limefunguliwa, na hakuna aliyekuja kulitafuta. Giaboksi nimeitengeneza, na sasa lori linabeba saruji kutoka kiwanda cha Hima, watoto wa Kabugho wanasoma. Bwambale huvusha siku kwa kupakia mifuko hiyohiyo begani, kwenye magari ya watu, umri wake huo. Amekataa kumwomba dada yake kazi, maana angeuliza brekdauni iko wapi. Ipo nyuma ya gereji, nimeifunika turubai.

Nilichojifunza katika safari hiyo ni kwamba si kila mwenye gari anayemwita fundi anataka gari lipone. Wengine wanataka tu kujua watafika wapi. Kabugho hunipigia kila akipitisha lori hapa mjini, anauliza kama gasketi ya kaka yake imepatikana. Namwambia bado tunaisubiri kutoka Kampala.