Nyanya Tuliyemwacha Lodwar

Juzi nilipanda Kericho kwa harusi ya binamu wa upande wa mama. Nilipotoka garini tu, baridi ile ikanipiga usoni nikasimama kama mtoto. Mashamba ya chai bado yapo, rafiki yangu, kijani kilima hadi kilima, ila sasa ni mashine inayochuma. Inanguruma na kukata ovyo, majani machanga na makuukuu pamoja. Nyanya yangu angeiona, angemtukana mwenye kuiendesha mpaka aizime.

Yeye, mama yake baba, alichuma chai tangu usichana wake. Utomvu ulikuwa umemtia weusi vidoleni, na haukutoka hata akisugua kwa majivu. Nilimfuata shambani ukungu haujapanda, umande ukitulowesha hadi kiunoni, akanifunza: majani mawili na chipukizi, kisha unarusha nyuma ya bega, kikapuni, bila kutazama. Mchana mvua ikija tulikimbilia jikoni kula viazi vitamu vya moto. Nilidhani dunia yote iko hivyo.

Basi, miaka hiyo ya sabini, baba, aliyekuwa dereva wa serikali, akapewa uhamisho kwenda Lodwar. Nyanya hakuwa na mtoto mwingine, tukaenda naye. Lo, joto lile! Mabati yalialika mchana kutwa, upepo ukatutilia mchanga hadi kwenye ugali, na maji yalikuwa ya chumvi. Nyanya alionja chai ya kwanza akaitema. "Hii ni chai au dawa ya minyoo?" Sisi tulicheka sana. Yeye hakucheka.

Jirani yetu, mama Mturkana mwenye shanga shingoni hadi kidevuni, alimletea maziwa ya mbuzi kila asubuhi. "Ejok, nyanya!" akimwamkia kwa Kiturkana. Kisha walikaa pamoja kivulini, ingawa hawakuelewana maneno mengi. Ndiye aliyemwambia mama waziwazi, "Hii nyanya yako nataka baridi. Peleka yeye nyumbani."

Nyanya mwenyewe alikuwa ameshasema. "Nikifa mnizike kwetu, karibu na chai. Mchangani hapa, hapana, nawaomba." Baba akamwapia kwamba akipata ruhusa tu atampandisha kwa gari. Lakini kazi ikamtuma Kakuma kwanza. Alipokuwa huko, mvua ilinyesha mbali milimani, na laga, ule mto mkavu tuliozoea kuvuka kwa miguu, ukajaa pomoni. Baba na gari wakabaki ng'ambo.

Wiki hiyohiyo homa ikamshika nyanya. Kila gari lililosikika barabarani mama alitoka mbio kutazama. Siku ya mwisho nyanya hakutujua tena, ila mikono yake ilianza kazi. Ilidonoa blanketi, ikarusha nyuma ya bega, ikadonoa tena. Mama alidhani anafukuza nzi. Mimi nilijua. Nikamsogelea nikamwambia, "Nyanya, kikapu kimejaa, pumzika sasa." Alichuma hadi alasiri, ndipo mikono ikatulia.

Kwa joto lile maiti haikungoja gari. Majirani wanaume walichimba, tukamzika jioni ileile, mchangani. Wanawake wa Kiturkana wakabeba mawe wakampangia juu ya kaburi ili fisi wasimfukue, kama wanavyomfanyia mtu wao. Yule jirani alilia kutushinda. Maji yalipopungua baba alifika, akasimama pale kofia mkononi. Maisha yake yote hakuna aliyethubutu kumtajia siku ile.

Uhamisho wa kurudi Kericho ulitoka baadaye. Watu walitupongeza, "Mna bahati!" Mama alifunga vyombo akilia. Wote tulirudi kwenye baridi isipokuwa yule aliyeililia.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Lodwar kumtafuta. Jamani, ni mji mkubwa siku hizi! Jirani yetu alishafariki, nyumba zetu zilibomolewa, na mahali nilipokisia kuwa ndipo tulipomzika pana maduka na ua wa mabati. Nilizunguka juani hadi soja wa geti akanionea huruma. "Mama, natafuta nini?"

"Nyanya yangu," nikasema.

"Yeye nakaa ploti gani?" akauliza kwa upole, tayari kunielekeza.

Nilikaa chini palepale, mtu mzima mimi, nikalia.