Kirigha Alibeba Mpira Tu

Kosa ni langu, na nalisema kabla sijaulizwa. Nilimchezesha mtoto mwenye homa, nikijua ana homa, kwa sababu nilitaka kushinda. Jina langu sitaliandika. Hapa mlimani Sagalla wengi watanijua hata hivyo, na hilo nalo linanitia hofu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya misheni. Mzungu wetu aliporudi kutoka likizo kwao alileta mchezo mpya, mpira wa kikapu. Akina mama walitusukia vikapu viwili, tukavitoboa chini na kuvifunga juu ya nguzo. Mpira wenyewe ulikuwa mmoja. Aliniambia niwafundishe wavulana wote.

Wote! Walikuwa kumi na wawili, na timu ni watu watano.

Mwanzoni nilijaribu. Kisha tukateremka Voi kucheza na watoto wa wafanyakazi wa reli, tukafungwa vibaya. Aliyewafundisha ni karani wa stesheni, mtu wa Mombasa. Alinipa mkono mbele ya watu huku akicheka. "Pole, maalim. Vijana wako wazuri sana kwa kuchunga mbuzi."

Nilipanda mlima na maneno hayo kifuani.

Tangu siku ile nilichagua watano, nikawaacha wengine. Mpira ni mmoja, nikajiambia, usichakazwe na wasiojua. Hao wengine kazi yao ikawa kuukimbilia ukiporomoka bondeni. Mrefu kuliko wote alikuwa Maghanga, mwana wa Mzee Mwadime. Huyo akirusha, ni nadra kukosa. Kirigha, mfupi na mcheshi, nilimpa kazi ya kuubeba mpira kwenda na kurudi. Siku moja aliniomba arushe mara moja tu. Nikamwambia angoje. Akawaambia wenzake kwamba yeye ni yaya, mtoto mwenyewe si wake. Walicheka, nami nikacheka.

Mvua zilipoanza, karani akatuita tena. Niliwateremsha wale watano mapema, tukalala Voi zaidi ya wiki ili wazoee uwanja wa tambarare. Mama yake Maghanga alinisihi nisifanye hivyo. Alisema watoto wa mlimani hawalali nyika wakati wa mvua, homa ya kule inawaua. Nilimjibu kwamba tutarudi na ushindi. Kirigha alikuja pia, mpira kichwani.

Asubuhi ya mchezo Maghanga alinifuata nyuma ya duka tulikolala. Jua lilikuwa kali, naye amejikunyata.

"Mwalimu, kichwa kinaniuma. Nasikia baridi."

Nilimgusa shingo. Ilikuwa inaunguza. Nitasema kweli: wazo langu la kwanza halikuwa juu yake. Nilijiuliza ni nani atakayesimama chini ya kikapu. Nikamtazama Kirigha, aliyekuwa ameukalia mpira, na nikakumbuka kwamba sikuwahi kumruhusu arushe hata mara moja.

"Jikaze," nikamwambia Maghanga. "Ni muda mfupi tu. Na usimwambie mtu."

Alicheza. Niliona kila kitu: midomo iliyokauka, meno yakigongana, mikono ikitetemeka, ikitulia kidogo anaporusha, kisha ikitetemeka tena. Kila alipofunga nilisahau. Kila alipokosa niliogopa, na hata hofu yenyewe ilikuwa ya kushindwa.

Kirigha alinivuta shati. "Mwalimu, mtoe. Niweke mimi, hata kama nitakosa."

Nikamwambia anyamaze.

Tulishinda. Karani akaja kunipa mkono, na mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu Maghanga alipoanguka chini ya kikapu. Macho yaligeuka meupe, mwili ukaanza kukakamaa na kutupatupa miguu. Mwenye duka alikimbia na maji. Mama mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Inna lillahi." Ee Mungu wangu, nilijua nimeua!

Alipotulia tulimpa kwinini, tukamlaza kwenye machela na kumbeba mpaka mlimani. Kirigha alishika upande mmoja. Njia nzima nilitega sikio nisikie pumzi. Mpira tuliusahau Voi. Hakuna aliyeuulizia.

Maghanga alipona homa, lakini masikio yake hayakupona. Hasikii kitu.

Baba yake alikuja shuleni na mkungu wa ndizi. Alinishukuru kwa kumbeba mwanawe. Nami nikaupokea mkungu ule! Ndizi zile zilinishinda kula. Kila nilipomwona njiani akisalimiana na watu nilidhani Kirigha amekwisha kumwambia kwamba nilijua. Hakumwambia. Mwishowe nilikwenda mwenyewe nikaeleza yote.

Mzee Mwadime hakupandisha sauti.

"Kirigha naye alikuwa na homa?"

"Hapana, mzee."

"Sasa kwa nini hakucheza yeye?"

Nikasema Kirigha hajui kucheza. Akauliza mtoto huyo amekaa kwangu muda gani. Nikamwambia ni tangu siku mpira ulipofika. Akanitazama, akasimama, akaingia ndani. Kesho yake alimwondoa shuleni mdogo wake Maghanga, na wazazi wengine wakafuata.

Wenzangu mnaofundisha watoto mpira, au chochote, nawaomba. Mtoto akikwambia anaumwa, nawe ukawaza kwanza nani atashika nafasi yake, ujue umekosea siku nyingi kabla ya hapo. Mfundishe na yule anayebeba mpira.

Mpira ulirudishwa kutoka Voi, na sasa wote wanarusha. Tunafungwa kila mara. Lakini mtoto akishika kichwa, hata akikuna tu, natoka jasho.

Maghanga hupita chini ya shule na mbuzi wa baba yake. Juzi nilijisahau, nikamwita kwa sauti kubwa. Watoto wote waligeuka. Yeye akaendelea kutembea.