Musili na Mstari Usiotulia

Katika shule ya misheni Musili alikuwa wa mwisho kutoka maabara, nami nilikuwa nikimngoja langoni nikiwa na njaa. Baadaye alifanya kazi ya maabara hapa Machakos miaka thelathini na minne. Mashine yake ya gesi, ya kupimia kemikali, ilichora matokeo kwa kalamu ya wino. Mstari ulipotulia alitambua hata akiwa amegeuka, maana kalamu iliacha kukwaruza. Niliisikia kila nilipomtembelea, na mara nyingi natamani kuisikia tena.

Mwaka jana, akiwa amekwisha kustaafu, aliitwa asubuhi na Kalekye, aliyekuwa mwanafunzi wake na sasa mpimaji katika maabara ile. Nilimsindikiza. Kalekye alipaswa kupima dawa za wadudu katika maembe ya Mwanzia, mkulima wa Mwala. Bila cheti kabla ya saa kumi, mnunuzi angeyakataa, nayo yalikwisha kuiva. Lakini mstari kwenye skrini, uliopaswa kulala chini, ulipanda na kutetemeka hata kufunika kila kipimo.

"Mwalimu, niko na kolamu mpya," Kalekye alisema, akionyesha mrija mwembamba uliozungushwa kama uzi. "Tubadilishe tu?"

"Hiyo ya zamani imekukosea nini? Tuiulize kwanza," Musili alisema.

Aliichomoa, akaziba tundu la kitambuzi, kile kinachonusa kinachotoka kwenye kolamu, akaketi. Mwanzia alichungulia mlangoni.

"Mzee, sasa mashine inapumzika na maembe yangu yanaoza?"

"Keti nawe upumzike."

Mstari uliendelea kutetemeka bila kolamu. Basi ubaya ulikuwa katika kitambuzi chenyewe au gesi yake.

"Nani aligusa bomba hili la gesi?" Musili aliuliza.

"Ni mimi, wiki jana. Nilitafuta mahali gesi inavuja, nikapaka povu la sabuni ya unga. Vile ulitufundisha."

 Kitambuzi hiki kipya hunusa fosforasi iliyo katika dawa za wadudu, nayo imo pia katika sabuni kama ile. Mashine yake ya kale haikujali.

"Kumbe ni huyu msichana ameharibu," Mwanzia alisema.

"La, Mwanzia. Ni mimi. Alifanya nilivyomfundisha, na nilimfundisha vibaya."

Walisafisha bomba, wakatia ushanga mpya wa kitambuzi, ile punje inayonusa, wakangoja upate joto. Saa nane mstari ulilala. Maembe yalipimwa, yakaonekana safi. Mwanzia alipokea cheti, akamshika Kalekye mkono kwa mikono miwili, akakimbilia lori la maembe.

Musili alibaki nyuma. Aliomba kitabu cha maelekezo alichokiandika mwenyewe zamani, akaitafuta sehemu ya kutafuta uvujaji kwa sabuni, akaikata kwa mstari wa kalamu, polepole.