Nusu ya Sahani

Katika nyumba ya wazee nilikoanza kazi, nje kidogo ya mji, upande wa wanawake ulikuwa na watumishi wawili tu: mimi na mwenzangu mmoja mcheshi, mnene, aliyekuwa akiumwa miguu. Baada ya Mapinduzi wauguzi wengi walikuwa wameshaondoka, na kila tulipoomba watu tuliambiwa tuvute subira. Tukavuta. Huyu anataka kugeuzwa, yule anataka maji ya kutawadha, mwengine ananiita na mimi nimeshika chombo cha haja. Kutwa nzima neno langu lilikuwa moja: "Naam, nakuja."

Bibi wa kitanda cha dirishani alikuwa Mtumbatu, mumewe na wanawe wote wameshatangulia mbele ya haki. Nilimpenda, nasema wazi, kwa sababu alinitania. Akiniona napita mbio huuliza, "We mwana, unafukuzwa na nani?"

Mwenzangu miguu ikamzidi, akabaki kwao Jang'ombe, nami nikawa peke yangu. Siku zile zile bibi akaanza kubakisha chakula. Hula nusu, nusu nyengine akaisogeza ukingoni mwa sahani, akaifunika kwa ncha ya kanga. Mimi huichukua na kuwamwagia kuku. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi. Mganga wa serikali alipokuja hakuona maradhi, akasema asipokula vizuri atahamishiwa hospitali.

"Huko sendi," bibi akasema. "Wote niliowasindikiza huko walirudi kwenye jeneza."

Nikaingiwa na hofu, na mimi nikiogopa huwa mkali. Kesho yake mchana chakula kilikuwa muhogo wa nazi na samaki. Akala nusu, akafunika.

"Bibi, malizia."

"Nshashiba."

"Hujashiba. Unakwisha hivi hivi, mie nnakutazama. Unataka wakuchukue?"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto asiyesikia. "Hii yako. Kila siku nnakuwekea, na kila siku unakwenda kuimwaga. Toka asubuhi unatuosha, unatulisha, na sijakuona hata mara moja umekaa ukala. Kwetu binti akiwa bado yumo kazini huwekewa chake."

Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nikishinda kwa chai ya rangi na kipande cha mkate, nikivitia mdomoni huku natembea. Kuku wale walinenepa kwa njaa ya watu wawili.

"Basi nikila na wewe, utakula ushibe?"

"Kaa kwanza, tuone."

Nikaenda jikoni nikaongeza muhogo kwenye sahani ile ile, nikanawa, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Bibi akawa anatoa miba na kunisogezea minofu upande wangu, na mimi namsogezea muhogo upande wake. Alikula. Tonge baada ya tonge alikula, na machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili.

Kutoka kitanda cha mlangoni sauti ikaita, "Mwanangu, njoo unigeuze!"

"Naam," nikajibu, nikataka kuinuka.

Bibi akanishika mkono kwa vidole vilivyojaa nazi. Akapaza sauti, chumba kizima kikasikia: "Ngojeni kidogo. Mtoto wetu anakula."

Wakaningoja wote.