Mama hapandi ndege kwa sababu ya kaseti niliyomtengenezea

Admin, nifichie jina, maana hapa kambini Nakivale, Uganda, tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini, Mkongomani wa Kivu Kusini, na duniani nimebaki na mama tu.

Tulipokimbia vita, mdogo wangu wa kike, nimwite Furaha, alifia njiani akiwa na miaka sita. Mama alikuwa ametangulia na kundi lingine, hivyo mimi na mjomba, ambaye sasa naye ni marehemu, ndio tuliomzika. Tulipofika kambini tukafanya kilio bila mwili. Mama akalia, akanyamaza, maisha yakaendelea.

Baadaye nilipata kazi mjini Mbarara, studio ya kanda za harusi. Tajiri wangu alinifundisha kutengeneza picha za kutembea kwa kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa chovu, haikuweza kuzionyesha kwa mwendo, kwa hiyo tulizirekodi moja moja kwenye kaseti ya video: deki ya kurekodia inanasa picha, inasimama, unaleta nyingine iliyosogea kidogo. Nikaona nimpe mama zawadi. Nilichukua sura ya Furaha kwenye picha yake pekee, nikamkuza awe msichana, nikamvika kitenge. Akatembea, akageuka, akacheka. Sikujua najipalia makaa.

Macho ya mama si mazuri, na kanda ilikuwa na chenga. Aliitazama kwa jirani, akainuka akashika kioo cha televisheni.

"Amekuwa mukubwa," akasema. "Na weye uliniambiaka mulimuzika."

Nimemweleza mpaka mate yamenikauka. Mchungaji naye amemweleza. Wapi! Miaka yote hii, basi la wakimbizi wapya likiingia, mama yuko pale anakagua nyuso. Sasa tumepata safari ya kwenda kuishi ng'ambo, tunaondoka mwezi ujao, na yeye kasema hapandi ndege bila binti yake. Nafasi hii tukiiacha hairudi.

Juzi nikampeleka Mbarara, maana tajiri bado anazo zile picha kwenye kompyuta. Nikamfungulia moja moja, ajionee kwamba ni kazi ya mkono wangu. Alizitazama zote, kisha akaniuliza polepole: "Mulimupiga picha mingi hivi, na hakuna mutu alimuuliza anaikala wapi?"

Tajiri alitoka nje. Mimi nilizima kompyuta, tukarudi kambini.

Ndugu zangu, nimwache mama hapa peke yake, au nibaki naye tumngoje mtu niliyemfukia kwa mikono yangu? Nishaurini.