Dumu la Mafuta ya Taa

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na hata leo nikiwaona wakwe zangu mnadani natafuta njia nyingine ya kupita. Ila mmeuliza kwa nini nikiombwa gari naanza kwa kusema habari za petroli, basi sikilizeni.

Baba mkwe alifia hospitali Musoma, wakati ule shilingi inashushwa thamani kila tukigeuka. Petroli inanunuliwa kwa dola, dola zenyewe hakuna, na hiyo kidogo inayopatikana inaletwa na lori ambalo nalo linakunywa njia nzima kutoka Dar, kwa hiyo ikifika huku kwetu bei unaogopa hata kuitaja. Mimi nilikuwa na pikapu kuukuu pale Nyasho (niliipenda kuliko ilivyostahili). Wakwe wakataka kuchangia mafuta ya kumrudisha mzee kijijini, upande wa Bunda, azikwe kabla jua halijazama. Nikakataa. Nikasema mwanaume mzima siwezi kuchangiwa kumbeba baba yangu, wakanishukuru mpaka nikavimba kichwa.

Asubuhi nikapanga foleni kituoni hadi pampu ikakauka mbele yangu. Tangini mlikuwa na petroli ya kufika nusu ya njia tu, basi nikachukua dumu la mafuta ya taa alilonunua mke wangu, mama Neema, sikuuliza la nini, nikalimimina lote (wengi walikuwa wanachanganya, sikuanzisha mimi).

Makutano tukapita vizuri, akina mama nyuma wamelizunguka jeneza wanaimba. Tulipoivuka Kiabakari, kwenye mwinuko, injini ikaanza kugonga, moshi mweupe ukawafunika, wakaacha kuimba wakaanza kukohoa, na gari likazima. Tukasukuma, tukafungua plagi tukazifuta, tukasukuma tena, mimi na suti yangu ya kuazima imelowa jasho. Shemeji yangu Magesa akainama kwenye mdomo wa tangi, akanusa, akanitazama.

"Shemeji, baba alikuwaga anakusifia sana," akasema, basi.

Mzee alimalizia safari kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa umetoka kupeleka pamba, nami nikitembea nyuma napangusa nyuzi za pamba juu ya jeneza, kana kwamba hilo lingesaidia. Tulifika giza limeshaingia. Wazee walikuwa kaburini tangu saa tisa, na pembeni zimepangwa taa nne za chemli, zote kavu.

Mama Neema akaniuliza mbele ya watu wote, wala hakupandisha sauti. "Baba Neema, lile dumu la taa za msiba liko wapi?"

"Nimelimimina kwenye tangi la gari," nikajibu.

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Tulimzika kwa mwanga wa mabua ya mtama, mama mkwe akiuliza kila mara kama wamemlaza sawasawa, maana pale alipokaa alikuwa haoni. Tangu siku ile nikiwa sina petroli nasema sina, hata kama aliyekufa ni wangu.