Karani wa Habari za Mlima

Wewe ungemkabidhi nani habari za mlima uliowaua mababu zako? Sisi wa kisiwani tumekabidhiwa karani mwenye vidole laini vinavyonukia mafuta ya nazi. Kila akiulizwa juu ya mlipuko wa zamani, hupapasa kabati, hupuliza vumbi, kisha husema kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Mmekula lakini?" Mimi na Dada Purita tulimwendea kwa sababu shule inajengwa bondeni, na wazee husema moto wa mlima ulipita hapo hapo.

"Kurasa hizo zililiwa na mchwa, mdogo wangu," akaniambia.

"Mchwa wako wanachagua cha kula," alisema Dada Purita. "Wanajua shule anaijenga shemeji yako?"

Akacheka, akalifunga kabati kwa ufunguo.

Kesho yake asubuhi baragumu lililia bondeni kuita wabebaji wa nyumba, maana kwetu nyumba ya mianzi huhamishwa nzima mabegani, na aliyeitwa haulizi sababu. Nilikuta nyumba ya mama yake karani imeshafungiwa mianzi ya kubebea. Yeye mwenyewe alikuwa akituelekeza, "Pandisheni hadi kanisani, kule kilimani. Taratibu, jamani, mama yumo ndani."

Tukaibeba mabegani, tukapita kando ya mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa shule.